Mwalimu Aliyeng'oa Breki ya Mbele

Sijui alizaliwa wapi, wala sikuwahi kuuliza. Nilimkuta Songea tayari ni mtu mzima, ana mvi za kuhesabika na baiskeli ya chuma kizito, anafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita katika shule niliyopelekwa kutoka Lusewa. Mwaka wa kwanza nilimwogopa. Mwaka wa pili nilimchukia, na chuki hiyo imedumu kuliko woga. Wanajumuiya wenzangu huniambia nimsamehe, eti ni mzee sasa. Nawajibu kwamba wazee wote waliwahi kuwa na nguvu, na mimi namkumbuka yeye alipokuwa nazo.

Alikuwa na kaunda suti mbili, ya kijivu na ya rangi ya udongo, akizipokezanisha siku kwa siku. Chaki alikuja nayo mwenyewe mfukoni, kwa sababu chaki ya shule ilivunjika na yeye hakuvumilia kitu kinachovunjika. Hakucheka. Akifurahi aligonga ubao mara mbili kwa kifundo cha kidole, akikasirika aligonga mara moja. Darasa zima tulikuwa tunasikiliza mlio wake, tunasubiri kama kutakuwa na mlio wa pili. Mara nyingi haukuja.

Alikuwa na swali lake moja ambalo alikwenda nalo kila mahali: "Unapima kutoka wapi?" Mwuza nyanya wa sokoni akimwambia shamba lake lipo mbali, Mwalimu aliuliza, "Mbali unapima kutoka wapi?" Mwanafunzi akisema amechelewa kidogo, alimwuliza hicho kidogo anakipima kutoka wapi, kisha akamwacha asimame mlangoni kipindi kizima akitafuta jibu. Kulikuwa na binti mmoja, jirani yangu wa kitanda bwenini, alirudi kutoka kumzika mama yake akasema bado hajisikii vizuri kusoma. Mwalimu akamwuliza swali lilelile. Sidhani alikusudia ukatili. Alikuwa hana swali lingine.

Niseme na hili, nisije nikaonekana nimemsingizia. Kuna mara swali lile lilifaa. Majirani zake wawili walikuwa wakigombea mpaka, kila mmoja na kamba yake mkononi, mwenyekiti wa mtaa amechoka. Mwalimu alipita na baiskeli yake, akasimama, akauliza, "Mnapima kutoka wapi?" Ikaonekana mmoja alianzia kwenye ukuta wake na mwenzake alianzia kwenye choo chake, na hakuna aliyeanzia kwenye jiwe la zamani la mpaka lililofunikwa na majani. Wakalifukua, ugomvi ukaisha. Aliondoka bila kusubiri ahsante. Watu wa mtaa walilihadithia jambo hilo kwa muda mrefu, na kila walipolihadithia mimi nilikuwa natafuta pa kutokea.

Kilichomfanya asifiwe shuleni ni ngazi. Kwenye mitihani ya fizikia huwa kuna ngazi imeegemezwa ukutani, mtu anapanda, na wewe unaulizwa itateleza akifika wapi. Wanafunzi wa shule nyingine walilia kwa maswali hayo. Sisi tuliyapata yote, kwa sababu Mwalimu alitufundisha hivi: kila nguvu inataka kukizungusha kitu, na uwezo wake wa kukizungusha unategemea wewe umechagua kupimia wapi. Nguvu ikipita palepale ulipochagua, haina mkono wa kuzungushia, inakufa. Sasa nguvu usizozijua aliziita wageni. "Simama walipo wageni wengi," alikuwa akisema, "hawatakusumbua." Kwenye ngazi, wageni wengi wako chini, mguu unapogusa sakafu. Unasimama hapo, sakafu inayosukuma inakufa, msuguano unakufa, unabaki na uzito na ukuta, unamaliza swali kwa mistari mitatu.

Ilikuwa njia nzuri, na hata leo nikipanda ngazi kupaka rangi geti la mtu huwa inanijia kichwani. Ubaya ni kwamba aliipenda kupita kiasi. Akaifanya sheria: egemeo, yaani mahali pa kupimia, liko chini, kitu kinapogusa, siku zote. Aliiandika kwa herufi kubwa juu ya ubao, na wafagiaji walikatazwa kuifuta.

Baiskeli yake haikuwa na breki ya mbele. Sisi wanafunzi tulikuwa tunajua sababu, mji mzima ulikuwa unajua. Zamani, kabla yangu, alikuwa akishuka mteremko wa kutoka Matogoro, mbuzi akakatiza, Mwalimu akabana breki ya mbele kwa nguvu zote. Baiskeli ikasimama kwa gurudumu la mbele, la nyuma likapanda juu, naye akaruka juu ya usukani akatua kwa kidevu. Alishonwa nyuzi kadhaa Peramiho, na kovu lile ndilo lililotuonesha wengi wetu kwamba Mwalimu ana damu. Alipopona aliing'oa breki ya mbele kwa mkono wake mwenyewe, akaziba matundu yake kwa mpira wa tyubu. Tangu hapo alishuka miteremko akiikokota baiskeli.

Mzigo wa kazi aliubeba, sitakataa. Madawati yaliyovunjika aliyatengeneza mwenyewe na nyundo yake, Jumamosi, wakati walimu wenzake wako kwenye shughuli zao. Walioshindwa aliwafundisha Jumapili baada ya misa, bure, kwenye baraza ya maabara. Alimfundisha mmoja wetu ambaye hakuwahi kuelewa chochote, wiki baada ya wiki, bila kumpandishia sauti. Ukiwa hujui alikuvumilia. Alichoshindwa kukivumilia ni mtu anayejua.

Sasa nifike kwenye kabati.

Ulikuwa mtihani wa majaribio wa kidato cha sita, miezi mitatu kabla ya ule wa taifa, na swali alilitunga yeye. Kabati refu limesimama wima kwenye lori. Sakafu ya lori inakwaruza kiasi kwamba kabati haliwezi kuteleza. Lori linaondoka, mwendo unazidi kuongezeka. Je, kabati litapinduka, na litapinduka lini?

Mimi nimekulia Lusewa, kwenye tumbaku. Nimepanda malori hayo tangu sijaota meno ya ukubwani. Nilishaona pipa la maji likilala chali kwa sababu dereva kaondoa gari kwa pupa. Kwa hiyo niliposoma swali sikuwa na shaka kwamba kabati litapinduka, shida ilikuwa kuonesha lini. Nikaanza kwa sheria ya ubaoni: egemeo chini, ukingo wa nyuma wa kabati. Msuguano ukafa. Sakafu inayosukuma ikafa. Ukabaki uzito peke yake, na uzito unalivuta kabati lirudi kukaa chini. Maana yake lori lichomoke kwa kasi yoyote ile, kabati halianguki kamwe. Nikalitazama jibu hilo nikalikumbuka lile pipa.

Nilikaa na kalamu mdomoni karibu nusu saa. Kisha ikanijia kwamba sakafu yenyewe inakimbia, na inazidi kukimbia. Ukisimama kupima juu ya kitu kinachozidi kuongeza mwendo, hesabu yako inakuwa na upungufu, na usipoujaza upungufu huo unajidanganya. Mahali pa pekee pasipokudai nyongeza ni katikati ya kabati lenyewe, kwenye kitovu cha uzito wake. Nikahamia hapo. Uzito ndio ukafa, na msuguano ukafufuka: unaivuta miguu ya kabati mbele na kichwa kinabaki nyuma. Nikapata jibu dogo safi. Kadiri kabati lilivyo refu na jembamba, ndivyo linavyoanguka mapema. Nilitoka kwenye chumba cha mtihani nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena mahali popote, hata siku ya ndoa yangu.

Akanipa sifuri.

Alirudisha karatasi siku ya Jumanne. Akalifanya swali ubaoni kwa njia yake ya ngazi, akaandika mwishoni kwamba kabati halipinduki, akapigia mstari. Akasema kuna mtu mmoja humu ndani aliyeamua kupimia hewani, pasipogusa chochote. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nimeona pipa likianguka kwenye lori."

"Tunafanya fizikia hapa, hatufanyi mapipa."

"Lakini ukingo huo unakimbia na lori, Mwalimu. Hatuwezi kupimia hapo bila kuongeza—"

"Egemeo liko wapi?"

"Kwenye ngazi liko chini. Kwenye lori—"

"Egemeo liko wapi?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa na haki, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja mdomo haufungiki. Nikasema, "Kama egemeo liko chini siku zote, breki ya mbele uliing'oa ya nini?"

Kwanza hawakuelewa. Halafu mmoja wa nyuma akaelewa kwamba kwa sheria ile Mwalimu asingeruka usukani kamwe, akacheka, na kicheko kikatembea dawati hadi dawati mpaka kikamfikia yeye. Mkono wake ukapanda kidevuni, kwenye kovu. Hakugonga ubao hata mara moja. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Toka. Utarudi siku utakayokuja kuniomba radhi mbele ya hawa uliowachekesha, useme kwamba ulikosea."

Ningeomba radhi kwa kuitaja breki, hilo ningeliweza. Kusema nilikosea hesabu nilishindwa. Nikakaa nje wiki moja, mbili, tatu. Madaftari ya wenzangu niliazima, lakini maabara ilikuwa na ufunguo mmoja na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Mkuu wa shule alimwogopa, akaniambia nijishushe. Wenzangu waliniambia nijishushe. Wakamwita baba.

Baba alikuja kutoka Lusewa amevaa koti lake la kanisani, kwapani kashika jogoo mwekundu. Nilikuwa nimesimama pembeni ya mlango wa ofisi, nikasikia yote.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema baba, na baba alikuwa mkubwa kuliko yeye.

"Marahaba."

"Huyu mtoto ni wako, Mwalimu. Mimi shule sina. Kama kakukosea mchape, mlimishe, ila mrudishe ndani asome."

"Anajua la kusema, mzee. Akilisema anarudi leo."

"Amekutukana?"

Kiti cha Mwalimu kikakwaruza sakafu. "Amekosea na anakataa kwamba amekosea."

Nikasikia magoti ya baba yakigusa sakafu. Nikasikia jogoo akipiga mabawa. Mwalimu akasema haraka, "Inuka, mzee. Inuka, tafadhali. Na jogoo wako rudi naye nyumbani."

"Si rushwa, Mwalimu. Ni heshima tu."

"Rudi naye. Siwezi kumchukua."

Baba alitoka, akanitazama kama mtu aliyetembea mbali kwa bure. "Sema tu ulikosea, mama," aliniambia. Nikamwambia sikukosea. Akaniuliza, "Sasa mwalimu asijue, ujue wewe?" Alikuwa amesimama juani, jogoo bado kwapani. Akaenda stendi. Sikurudi darasani.

Mtihani wa taifa niliufanya bila kugusa kifaa hata kimoja cha maabara, na alama niliyoipata haikufikisha mtu kwenye uhandisi. Nilijifunza kuchomelea vyuma kwa fundi mmoja wa Majengo, na sasa karakana ni yangu. Natengeneza bodi za guta, hizi pikipiki za magurudumu matatu zinazobeba mizigo. Bodi zangu ni za chini, madereva wanajua. Za wengine zikipakiwa magunia mpaka juu, dereva akiondoka kwa nguvu kwenye mlima, guta linanyanyua gurudumu la mbele na kuketi kwa matako. Zangu haziketi. Mtu akiniuliza siri yake namwambia ni kitovu cha uzito, basi, sina la ziada.

Baba alifariki miaka mitano iliyopita. Mpaka mwisho, wageni wakija kuniulizia, aliwaambia binti yangu ana akili sana, shida yake alimkosea mwalimu. Alikuwa ananionea huruma. Ningetoa karakana na mashine zake zote ili asikie kutoka kinywa cha yule mtu kwamba nilikuwa sahihi. Mimi mwenyewe nilikuwa najua. Nilitaka ajue yeye.

Kwa hiyo kila nilipofikiria ubaya wa Mwalimu, na nilifikiria mara nyingi, mwishoni nilijilazimisha kukumbuka jogoo. Nilijiambia, mbishi ni mbishi, ila hakumla baba yangu jogoo wake. Wapo walimu ambao wangemchukua jogoo na mimi wasingenirudisha. Huyu aliamini alichokiamini mpaka mwisho, na mikono yake ilikuwa safi. Nilimwachia hilo. Ni vizuri kumwachia kitu kimoja mtu unayemchukia, inakusaidia kulala.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinakatika, alikuja karakana.

Aliikokota baiskeli ileile. Kaunda suti ya kijivu ilikuwa imemzidi mwili. Nyuma yake, mmoja wa madereva wangu alikuwa anaendesha guta polepole, ndani yake kumesimama kabati la vitabu, refu, la mninga. Mwalimu alikuwa anahamia Peramiho, karibu na hospitali, maana figo zilikuwa zinamsumbua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alinitazama usoni kwa muda. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Wanasema wewe ndiye unayejua kufunga mizigo isianguke."

Nikachukua mipira ya tyubu ya kufungia, nikauliza kama anataka kabati lifungwe hivyohivyo wima. Nilimwuliza makusudi.

"Hapana," alisema. "Lilazwe. Kuna mlima mbele. Dereva akiondoka kwa nguvu litaanguka."

"Litaanguka? Egemeo si liko chini, Mwalimu?"

Dereva akatutazama, haelewi. Mwalimu akalishika kabati, akapandisha kiganja chake taratibu kutoka miguuni mpaka katikati ya mlango, akakiacha hapo. Ilikuwa katikati kabisa. Hata mimi nisingelipata vizuri zaidi.

"Unapima kutoka wapi?" nikamwuliza.

"Kutoka hapa."

Miaka yote nilikuwa nimeyapanga maneno ya kusema siku hiyo. Yote yakanipotea, nikabaki na moja. "Umejua lini?"

"Siku ileile," alisema. "Nilifika nyumbani, nikakaa na hesabu yako mpaka wakanipakulia chakula kikapoa. Ulikuwa sahihi. Baiskeli pia ulikuwa sahihi."

"Na hukusema."

"Nilisema nitasema kesho. Kesho yake nikakuta bado wanacheka." Aliligusa kovu lake. "Kila siku ikawa ngumu kuliko jana yake."

Nikawa nazihesabu siku kichwani. Jumanne ya karatasi, kisha wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwuliza polepole, nisije nikakosea, "Basi baba yangu alipokuja alikukuta unajua."

"Nilikuwa najua."

"Alipiga magoti."

"Ndiyo maana nilishindwa kumchukua jogoo," alisema.

Tulililaza kabati mimi na dereva, nikalifunga kwa mipira minne, nikauvuta kila mmoja kuona kama umeshika. Nilifunga vizuri, kwa sababu sijui kufunga vibaya. Akaniuliza kiasi gani, nikamwambia aende. Guta likaondoka mbele, yeye akalifuata kwa miguu akikokota baiskeli yake isiyo na breki ya mbele, na kabati halikutikisika.

Nilirudi ndani nikawasha mashine, nikaizima. Nilikuwa nimemwachia kitu kimoja tu, jogoo mwekundu, na hicho nacho alikuja kukichukua mwenyewe.